Salim, Tuhuma na Utetezi: 1985 hadi 2025

Salim Ahmed Salim aliingia katika mchujo wa CCM wa kumpata mgombea urais wa 2005 akiwa na wasifu ambao hakuna mgombea mwingine wa mwaka ule aliyeukaribia, akatoka na kura 476. Jakaya Kikwete alipata 1,072 na Mark Mwandosya 122. Tuhuma peke yake hazitoshi kueleza pengo hilo. Kikwete alikuwa na kundi lililojipanga kwa miaka, lililojulikana kama mtandao. Alikuwa na umri mdogo zaidi, na wajumbe wa mikoani walimfahamu kwa sura na kwa jina, ilhali Salim alikuwa amemaliza sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi New York na Addis Ababa. Hata hivyo, wanaoukumbuka mwaka ule hawaanzi na hesabu ya kura. Huanza na yale yaliyosemwa juu ya Salim, na jinsi waliomtaka walivyohangaika kuyajibu.

Yaliyosemwa yalikuwa matatu. La kwanza, kwamba alikuwa Hizbu, yaani mfuasi wa Zanzibar Nationalist Party, chama kilichokuwa serikalini pale Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalipotokea. La pili, kwamba alikuwa na mkono katika mauaji ya Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. La tatu halikuhitaji hata kisa: ni Mwarabu, basi. Kijana wa Bara aliyezaliwa baada ya 1964 alilisikia jina la Hizbu kama somo la historia, lakini kwa wazee wa CCM Zanzibar lilikuwa tusi zito, na uzito huo haujaisha hadi leo.

Salim hakuwa mgeni wa mambo ya namna hii. Mwaka 1981 aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimpigia kura ya turufu raundi baada ya raundi, na China ikamfanyia vivyo hivyo Kurt Waldheim, hadi wote wawili wakakaa pembeni na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kisa kilichosimuliwa kilikuwa cha miaka kumi nyuma. Usiku wa 25 Oktoba 1971, Beijing ilipopewa kiti cha China na Taiwan ikaondoka, ilidaiwa kuwa balozi wa Tanzania, yaani Salim, alicheza ngoma ndani ya ukumbi kuwakomoa Wamarekani. Kwamba wajumbe wa Afrika walishangilia si siri, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuipigania China. Ila shangwe ya watu wengi iligeuzwa kuwa ngoma ya mtu mmoja, na mtu huyo akaibeba kwa miaka kumi. Tuhuma nzuri kwa anayeitunga huwa hivyo: ina chembe ya kweli ya kutosha kumfanya anayekanusha aonekane anakwepa.

Ndani ya nchi, mtihani wa kwanza ulikuja 1985. Salim alikuwa Waziri Mkuu tangu 24 Aprili 1984, siku 12 baada ya Edward Sokoine kufariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro. Mwalimu Nyerere alikuwa ameamua kung'atuka, na katika vikao vya juu vya CCM majina yaliyozungumzwa yalikuwa ya Ali Hassan Mwinyi, Rashidi Kawawa na Salim. Inaelezwa na wengi kwamba Mwalimu mwenyewe hakuwa na pingamizi na Salim, na kwamba upinzani mkali ulitoka kwa wajumbe wa Zanzibar. Jina lililopita likawa la Mwinyi, wakati huo Rais wa Zanzibar, na Oktoba 1985 wananchi wakampigia kura ya ndiyo au hapana.

Utetezi wa wakati ule ulikuwa kazi ya watu wachache ndani ya chumba. Chama kilikuwa kimoja, magazeti makubwa yalikuwa ya chama na ya serikali, redio ilikuwa Radio Tanzania. Mwananchi wa Kigoma au Lindi alipokea jina likiwa limekwisha kupikwa na kupakuliwa, asijue nani alisema nini juu ya nani. Utaratibu huo ulimlinda Salim dhidi ya aibu ya hadharani, lakini ulimnyima pia nafasi ya kujibu hadharani. Yaliyosemwa chumbani hayakuandikwa, hivyo hayakukanushwa. Yalibaki vichwani mwa waliokuwepo, yakisubiri siku nyingine. Jambo moja tu la 1985 lilionekana na kila mtu: Mwinyi, mshindi, alimteua Salim kuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi, na Salim akakaa na jeshi hadi 1989 alipokwenda Addis Ababa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU).

Mwaka 1995 mambo yalikuwa yamegeuka nusu. Vyama vingi vilikuwa vimerudi 1992, magazeti binafsi yalikuwa yakiuzwa barabarani, na kwa mara ya kwanza CCM iliruhusu wanachama wake kushindania wazi tiketi ya urais. Salim hakuingia, alikuwa bado Addis Ababa. Nguvu ya mwisho bado ilikuwa ya mzee mmoja, ingawa mzee huyo hakuwa tena na cheo. Mwalimu aliweza kumbomoa mgombea kama alivyoweza kumjenga. Katika kitabu chake cha 1994, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, aliwakosoa kwa majina John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu, na Horace Kolimba, Katibu Mkuu wa chama, na mwaka uliofuata jina la Malecela halikufika Mkutano Mkuu. Kwa upande wa kujenga, alisimama na Benjamin Mkapa, ambaye watu wengi walimwona mtu wa vitabu na ofisi, asiye na umaarufu mitaani. Jibu la Mwalimu lilikuwa kwamba Mkapa ni mtu safi. Hakuna aliyemdai ushahidi wa usafi huo, kwa kuwa neno lake lilihesabiwa kuwa ushahidi.

Hata hivyo kura za Chimwaga, Dodoma, zinaonyesha kuwa neno hilo lilipita kwa shida. Raundi ya kwanza Kikwete, akiwa na miaka 44, aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, wawili wa juu walirudiana: Mkapa 686, Kikwete 639. Wajumbe karibu nusu walikuwa tayari kumpita mgombea aliyependwa na Mwalimu, tena Mwalimu akiwa hai na akisema.

Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999. Aliyetaka kumtetea Salim 2005 alilazimika kuanza na ukweli huo: hakukuwa tena na mtu ambaye akisema limekwisha, limekwisha. Mkapa alikuwa mwenyekiti, lakini heshima yake ilikuwa ya kiti. Mambo mengine mawili yaliongeza ugumu. Rais wa Zanzibar alikuwa Amani Abeid Karume, mtoto wa marehemu Karume, kwa hiyo kila aliyetaja mauaji ya 1972 aligusa kidonda cha watu walio hai na walio madarakani. Na wapo waliokuwa wakisema kwamba baada ya miaka kumi ya Mkapa ilikuwa zamu ya Mzanzibari. Hoja hiyo ilimsaidia Salim Bara, ila ilifanya uhalali wa Uzanzibari wake kuwa jambo la kushambuliwa.

Tuhuma zilisafiri kwa mdomo, kwa karatasi zilizotolewa nakala na kupitishwa mkono kwa mkono, kwa ujumbe mfupi wa simu, na baadhi zikapanda hadi kurasa za mbele. Asubuhi kwenye meza za magazeti za Kariakoo na Posta watu husimama wakisoma vichwa vya habari bila kununua, na mwaka ule msongamano ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anaguna, wa tatu anauliza: kwani Mzee Karume aliuawa lini, na huyu bwana alikuwa wapi? Swali hilo la mtu wa tatu lilikuwa na thamani kuliko hotuba nyingi za wapambe, kwa sababu lina jibu.

Karume aliuawa jioni ya 7 Aprili 1972 katika ofisi kuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui. Salim alikuwa New York, balozi wa Tanzania Umoja wa Mataifa tangu 1970. Ni kweli kwamba umbali peke yake haumsafishi mtu. Njama hufanywa na walio mbali pia. Uzito uko kwenye yaliyofuata. Kesi ya uhaini ilifunguliwa Zanzibar, na Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto wa Zanzibar, na wenzake waliokuwa wameshikiliwa Bara wakahukumiwa bila kuwepo, kwa kuwa Mwalimu alikataa kuwapeleka. Babu alikaa kizuizini hadi 1978. Salim hakuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Aliendelea na ubalozi hadi 1980, akaongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa katika kikao cha 1979, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Waziri Mkuu, kisha Waziri wa Ulinzi chini ya rais aliyetoka Zanzibar. Anayeshikilia tuhuma hii anapaswa kuamini kwamba Nyerere na Mwinyi, wote wawili wakiwa na taarifa zote za usalama mezani, walimkabidhi mshiriki wa mauaji ya Makamu wa Rais wa nchi serikali na jeshi. Hilo ni gumu kuamini.

Tuhuma ya Hizbu ilikuwa ngumu zaidi kuijibu. Mrengo wa kushoto wa siasa za Zanzibar, Babu akiwa kiongozi wake, ulikulia ndani ya Hizbu. Babu alikuwa katibu mkuu wa chama hicho kabla ya kutofautiana na wenzake na kuunda Umma Party mwaka 1963. Salim ni wa kizazi hicho cha vijana waliomfuata. Baada ya Mapinduzi, Umma ilijiunga na Afro-Shirazi, na makomredi wake wakaingia serikalini. Mwaka huohuo wa 1964 Salim, akiwa na miaka 22, alipelekwa Cairo kuwa balozi.

Hapa ndipo utetezi ulipohitaji akili. Aliyesema kwa ufupi kwamba Salim hajawahi kuwa na uhusiano wowote na Hizbu aliwapa wapinzani silaha: wangechimba jambo moja tu la ujana wake, na kanusho lote lingeanguka pamoja na mtetezi. Aliyeeleza safari nzima, kutoka Hizbu hadi Umma hadi Afro-Shirazi, alikuwa na hoja isiyovunjika, kwa maana serikali ya Karume mwenyewe ndiyo iliyowapokea vijana hao na kuwapa kazi. Tatizo ni kwamba maelezo hayo yanahitaji robo saa na msikilizaji mwenye subira, wakati tuhuma inahitaji neno moja. Katika vijiwe vya kahawa, kuanzia Jaws Corner ya Mji Mkongwe hadi Magomeni, robo saa ilipatikana. Katika basi la wajumbe linaloingia Dodoma usiku wa kuamkia kura haikupatikana.

Kuhusu Uarabu, tarehe hazisaidii kitu. Salim alizaliwa Zanzibar 23 Januari 1942, na Katiba haina daraja mbili za raia. Baadhi ya waliomtetea walianza kuhesabu nasaba, nani alikuwa bibi yake na wa kabila gani, wakidhani wanamsaidia. Walikuwa wamekwisha kukubali kanuni ya mshambuliaji, kwamba damu hupimwa kabla ya uongozi. Jibu lililofaa lilikuwa kulikataa swali lenyewe, na chama kilikuwa na msingi wa kulikataa tangu enzi za TANU, kilipoweka usawa wa binadamu wote kuwa imani yake ya kwanza. Waliojibu hivyo walikuwa wachache. Hili ni doa la 2005 ambalo CCM haijapenda kulizungumza.

Tabia ya Salim mwenyewe ilikuwa na sehemu yake. Miaka 12 ya kuongoza OAU ilimfundisha kupatanisha, kusubiri, kutotaja majina. Hakurusha matope, na hakuwa mwepesi wa kujibu kila linalosemwa. Sifa hiyo iliheshimika baadaye, lakini kabla ya kura za Mei 2005 iliacha uwanja mtupu kwa wiki nyingi. Mkutano Mkuu ulipokutana Chimwaga, wajumbe walikuwa wamekwisha kuamua. Miaka 15 baadaye vijana walioshindwa katika kura za maoni za ubunge waliibua msemo kwamba wajumbe si watu. Wafuasi wa Salim wangeweza kuutunga mapema.

Baada ya hapo Salim alirudi kwenye kazi aliyoijua. Umoja wa Afrika ulimtuma kusuluhisha mgogoro wa Darfur, na 2012 akateuliwa katika Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Joseph Warioba. Septemba 2023 kumbukumbu zake za maandishi na picha zilizinduliwa rasmi mtandaoni, na Rais Samia Suluhu Hassan akishuhudia. Mtu anaweza sasa kuzisoma nyaraka za maisha yake akiwa kitandani. Utetezi kamili ulipatikana miaka 18 baada ya kura.

Kufikia 2015 utaratibu wa kumtetea mgombea ulikuwa umebadilika tena, na si wote watasema umeboreka. Edward Lowassa, aliyeutaka urais kupitia CCM mwaka huo, alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sababu ya sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2007, pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, CHADEMA ilikuwa imemtaja katika orodha yake ya watuhumiwa wa ufisadi. Wafuasi wake walichagua kuzijibu tuhuma kwa wingi wa watu: uwanja uliofurika Arusha, safari za kutafuta wadhamini zenye misafara mirefu, na wajumbe wa Halmashauri Kuu walioimba ndani ya kikao kwamba wana imani naye. Jina lake lilikuwa limekwisha kukatwa na Kamati Kuu. Wajumbe watatu wa Kamati hiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitenga na uamuzi huo mbele ya waandishi wa habari, jambo ambalo 1985 lisingefikirika. John Magufuli akapitishwa kwa kura 2,104.

Lowassa alihamia CHADEMA mwishoni mwa Julai 2015, na hapo likatokea jambo la ajabu kuliko yote katika historia hii fupi. Watu walewale waliokuwa wakimshambulia walianza kumtetea, na waliokuwa wakimtetea wakaanza kumshambulia, huku ushahidi ukiwa haujaongezeka wala kupungua. Yeye mwenyewe aliwaambia wenye ushahidi waende mahakamani. Wilbroad Slaa, aliyesoma orodha ya Mwembeyanga, alishindwa kuvumilia na akaachana na chama. Tuhuma mpya zikahamia kwenye afya ya Lowassa, na Magufuli akaionyesha ya kwake kwa kupiga push-up jukwaani, ishara ambayo kila mtu aliielewa bila jina la mpinzani kutajwa.

Uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA wa Januari 2025 ulikwenda mbali zaidi. Freeman Mbowe alikuwa amekiongoza chama tangu 2004, na makamu wake, Tundu Lissu, alitangaza Desemba 2024 kuwa anautaka uenyekiti. Miezi kadhaa kabla, akiwa Iringa, Lissu alikuwa amedai hadharani kwamba fedha chafu zinaingia katika chaguzi za chama. Mbowe aliandamwa na maneno kwamba maridhiano na serikali, baada ya kutoka gerezani Machi 2022, yalimlainisha. Lissu aliandamwa na maneno kwamba ni mropokaji, hana kifua cha kutunza siri, na akipewa chama atakivunja.

Kilichokuwa kipya ni kwamba hakukuwa tena na chumba. Kila tuhuma ilijibiwa siku ileile, kwa sauti ya mhusika mwenyewe, katika mahojiano ya saa nzima yaliyokatwa vipande vya dakika moja na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya mahojiano kwisha. Kambi mbili zilikuwa na watu wa kutafuta kauli za zamani za mpinzani na kuziweka sambamba na za sasa. Mwanachama wa Tarime aliweza kumsikia Lissu, akamsikia Mbowe, akamuuliza mjumbe wake swali akiwa safarini kwenda Dar es Salaam. Faida yake ni kwamba kanusho halikuchelewa. Hasara yake ni kwamba waliokuwa wakitetea walikuwa pia wakitukana, na wenye umri mkubwa ndani ya chama walipojaribu kuita pande zote wazungumze, sauti yao ilisikika kama moja tu kati ya elfu.

Kura zilipigwa ukumbi wa Mlimani City 21 Januari 2025 na kuhesabiwa usiku kucha mbele ya kamera. Lissu alipata 513, Mbowe 482, na mgombea wa tatu, Odero Charles Odero, 1. Mbowe alikubali kushindwa na kumpongeza Lissu kwa ujumbe alioandika kwenye mtandao wa X alfajiri ya tarehe 22, kabla matokeo hayajatangazwa rasmi ukumbini.